Mvua ya upepo ikikata rezo: namna simu na intaneti vinarudi, na kazi ya wakaaji

Mvua kubwa ikinyesha usiku Wamaza, asubuhi watu wanaangalia kwanza mabati ya nyumba, kisha wanaangalia simu. Kama vipimo vya rezo vimetoweka, siku inaharibika. Mwenye duka hawezi kuuliza Kasongo kama mali yake imepakiwa. Mwalimu hawezi kutoa feza iliyo ndani ya simu. Muganga wa sentri ya afya aliye na mama anayevuja damu kisha kuzaa hana namna ya kuita msaada, isipokuwa kutuma mtu na pikipiki kwenye njia ambayo mvua ileile imeharibu. Rezo ikikatika siku moja watu wanavumilia. Ikikatika wiki mbili, inaweza kuua mtu.

Makala hii inaeleza kitu gani kinakufa wakati mvua ya upepo inapiga antene, matekinisie wanarudisha rezo kwa utaratibu gani, na wakaaji wa Kasongo, Kabambare na sehemu za jirani wanaweza kufanya nini ili siku za giza zisiwe nyingi. Kwani sehemu kubwa ya muda unaopotea haipotei juu ya mnara. Inapotea barabarani, na katika kungoja mtu wa kutoa habari kamili.

Radi za Maniema si hadisi

Kusini mwa Maniema masika yanaanza karibu mwezi wa Septemba na kuendelea mpaka Mei. Kiangazi cha kweli ni miezi ya Juni, Julai na Agosti. Katika masika mawingu makubwa yanapanda mchana, na jioni ao usiku yanashuka na upepo, mvua ya nguvu na radi.

Mwaka 2016 wataalamu walitoa hesabu ya radi duniani pote, kwa picha za satelaiti zilizokusanywa kwa miaka 16. Nafasi ya kwanza ilikuwa ziwa Maracaibo, nchini Venezuela. Ya pili ilikuwa Kabare, Kivu ya Kusini. Ya tatu ilikuwa Kampene, katika teritware ya Pangi, hapa hapa Maniema: zaidi ya radi 170 kwa kila kilometa mraba moja kwa mwaka. Kwa hiyo mtu anayejenga mnara wa chuma katika jimbo hili anaujenga katika moja ya sehemu zenye radi nyingi kupita zote duniani.

Kuko watu wanaosema radi ilitumwa na jirani fulani. Maneno hayo yameleta ugomvi, hata vifo, katika vijiji vingi. Lakini radi inatafuta kitu kirefu kilicho wazi: mti mrefu, mnara, mtu aliyesimama peke yake shambani. Antene ya simu inapita nyumba zote kwa urefu, tena iko juu ya kilima. Ikipigwa, si ajabu.

Antene inakula nini?

Watu wengi wanafikiri antene ni chuma tu kinachotoa rezo. Kumbe chuma ni mguu. Kazi inafanyika kwa vitu vitatu, na kimoja kikifa vingine vinanyamaza.

Cha kwanza ni umeme. Sehemu zetu hazina umeme wa SNEL kwenye kila antene. Antene inaishi kwa grupe inayokunywa mazuti, ao kwa pano za jua, ao kwa vyote viwili pamoja. Katikati kuko batri. Grupe ikizimika ao jua likikosa, batri zinabeba kazi kwa saa chache, kisha zinakwisha.

Cha pili ni mashine za redio na zile antene ndogo zilizofungwa juu ya mnara. Hizo ndizo zinazungumza na simu ya mkononi. Kwa rezo ya kawaida ya sauti, ile ya 2G, simu haiwezi kufikia antene iliyo mbali kuliko kilometa 35. Katika milima na misitu, umbali wenyewe unapunguka sana.

Cha tatu ni njia ya kutoka. Sauti ikifika kwenye antene inapaswa kusafiri mpaka mji mkubwa. Kuko antene zinazorusha sauti kwa nyingine kwa kutumia sahani za mviringo, zile zinazofanana na ngoma nyeupe juu ya mnara. Sahani hizo zinapaswa kuonana, sawasawa na watu wawili wanaoangaliana kutoka vilima viwili. Antene zingine zinapeleka sauti moja kwa moja kwa satelaiti.

Pale ndipo kuko siri ambayo inawakasirisha wakaaji. Unaona antene ya kijiji chenu imesimama vizuri, grupe inalia, mlinzi yuko, lakini rezo haiko. Pengine mnara uliolala ni ule wa tatu njiani, kilometa 60 kutoka kwako. Antene zinazopitishiana sauti ni kama watu wanaopitishiana ndoo ya maji: mmoja akianguka, wote wanaomfuata wanabaki na mikono mitupu.

Mvua inaharibu kitu gani?

Mara nyingi mvua haiangushi mnara. Inafanya madhara madogo, na kila moja liko na dawa yake.

Upepo unageuza sahani. Ikigeuka kidogo tu, haioni tena mwenzake wa kilima cha pili. Hapo lazima tekinisie apande na kuirudisha mahali pake, kidogo kidogo, huku mwingine akipima nguvu.

Radi inachoma. Hata kama haikupiga mnara wenyewe, inaweza kupita kwenye waya na kuunguza mashine za umeme. Kila antene inapaswa kuwa na chuma cha kukamata radi juu, na waya nene ya shaba inayoipeleka ardhini. Waya hiyo ikikatwa na wezi, radi haina tena mlango wa kushukia. Inapita ndani ya mashine.

Mvua nzito yenyewe inaweza kufunga njia ya satelaiti kwa muda. Hiyo si uharibifu. Mvua ikipunguka, rezo inarudi bila mtu kugusa kitu.

Mawingu ya siku nyingi yananyima pano jua, na batri zinakosa chakula. Miti inaangukia uzio, waya na pano.

Mwisho kuko barabara. Mvua inabomoa daraja la miti, gari la mazuti linakwama kwenye matope, na antene ambayo haikuguswa na upepo wala radi inakufa njaa siku ya nne. Kwa mkaaji wa Kabambare, hii ndiyo sababu ya kuelewa vizuri kuliko zote: rezo inatembea kwa barabara.

Rezo inarudi kwa utaratibu gani?

Kampuni za simu ziko na ofisi inayoangalia antene zote usiku na mchana. Antene ikiwa na shida inatuma alama: batri zinashuka, grupe imekataa, joto limepanda. Lakini ikikufa kabisa, inanyamaza. Ofisi inajua kwamba imekufa. Haijui kama ni mazuti, ni radi, ao ni mnara ulioanguka. Ndiyo maana tekinisie wa kwanza anakuja mara nyingi na vitu vichache kwa pikipiki, anatazama, kisha anarudi kutafuta kipande kinachokosekana. Safari mbili badala ya moja.

Tena, kwa desturi ya kampuni nyingi, mwenye mnara na mwenye rezo si mtu mmoja. Nchini Kongo, kampuni Helios Towers iko na minara mingi ambayo kampuni za simu zinapanga. Kwa hiyo anayeleta mazuti anaweza kuwa mwingine, na anayetengeneza mashine za redio mwingine. Mnara mmoja ukikosa umeme, kampuni mbili ao tatu za simu zinaweza kukatika kwa dakika moja.

Wakifika, kazi inafuata mpango huu:

1. Usalama. Wanaangalia kama mnara umesimama sawa, kama hakuna waya iliyoanguka, na kama njia na kilima havina hatari ya watu wenye silaha.

2. Umeme. Grupe, mazuti, batri, pano. Bila hii hakuna kinachopimwa.

3. Njia ya kutoka. Sahani inaelekezwa, ao kifaa cha satelaiti kinatengenezwa.

4. Sauti na ujumbe mfupi. Rezo ya 2G inarudishwa kwanza, kwa kuwa inakula umeme kidogo na inahudumia simu zote, hata ndogo za tochi.

5. Intaneti. Inakuja nyuma, na siku za kwanza inaenda polepole, kwa sababu njia bado ni nyembamba na watu wote wanafungua simu saa ileile.

Kipande kilichochomwa na radi mara nyingi hakipatikani katika teritware. Kinapaswa kutoka mji mkubwa, kwa ndege ao kwa barabara, kisha kumalizia safari juu ya pikipiki. Hapo siku zinahesabiwa kwa wiki.

Kusoma dalili kwenye simu

Mkaaji anaweza kujua mambo mengi kabla ya tekinisie kufika.

Kama hakuna kipimo hata kimoja, kwa simu zote za kampuni ile, antene ya karibu imezimika ao imepoteza njia yake. Kama kampuni zote zimetoweka pamoja, fikiri umeme wa mnara mmoja, ao radi.

Kama vipimo viko lakini simu haipiti, kuko mambo mawili: watu ni wengi mno kwa wakati mmoja, ao shida iko mbali kuliko antene ya kwenu. Jaribu usiku sana ao alfajiri.

Kama sauti inapita lakini intaneti haiendi, ngoja, na utumie ujumbe mfupi. Ujumbe mfupi unahitaji nafasi ndogo kabisa. Tena ukikosa kumfikia mtu sasa, kampuni inaushika kwa muda na kuupeleka wakati simu yake inapata rezo.

Kama rezo inakuja asubuhi na kukatika jioni, mara nyingi ni shida ya chakula: pano zinafanya kazi, lakini batri hazishiki tena.

Simu inayotafuta rezo bila kupata inakula batri yake haraka. Kwa hiyo iweke kwenye hali ya ndege, uifungue mara moja kila saa. Kama iko na 3G ao 4G, ichague ibaki kwenye 2G peke yake.

Habari inayomsaidia tekinisie

“Hatuna rezo” ni malalamiko. Haimpi tekinisie kitu cha kufanyia kazi. Habari inayosaidia iko na mambo haya: kampuni gani imekatika, siku na saa, kulikuwa radi, upepo ao hakuna kitu, vijiji gani vimekosa rezo na kijiji gani cha karibu bado kinapata, grupe inalia ao imenyamaza, mnara umesimama ao umeinama, sahani imegeuka, kuko mti juu ya uzio, kuko harufu ya kuungua ao alama nyeusi. Kwenye mlango wa uzio wa antene mara nyingi kuko kibao chenye namba ao jina la mnara. Lile jina ndilo ofisi inatumia. Liandike.

Ongeza habari ya barabara, maana hiyo ndiyo wengi wanasahau: daraja gani limevunjika, pikipiki inapita ao hapana, gari linaweza kufika mpaka wapi, mtumbwi uko kwenye kivuko. Kwa habari hiyo tekinisie atajua kama atabeba kipande mgongoni ao atangoje lori.

Mtu mmoja anaandika yote kwenye karatasi, na mwenye pikipiki anaibeba mpaka mahali rezo iko. Afazali ujumbe mmoja kamili, uliopita kwa chefu wa lokalite, kwa muganga mkubwa wa sentri na kwa redio ya jamii, kuliko watu 200 wanaopiga simu kila mmoja na hadisi yake.

Kitu kimoja kikatazwe kabisa: kijana yeyote asipande mnara “kujaribu kutengeneza”. Kuko umeme, kuko urefu, na sahani ikigeuzwa vibaya kazi inaanza upya.

Wakati rezo haiko: njia za wazee bado zinaishi

Kabla ya simu za mkononi kuenea katika miaka ya 2000, Maniema iliongea kwa foni. Misioni, wafanyabiashara, viwanja vya ndege na ofisi za serikali walikuwa na mashine hiyo, batri ya gari, na waya ndefu iliyofungwa kati ya miti miwili. Foni haihitaji mnara njiani. Sauti yake inapanda juu sana angani, inarudishwa chini na hewa ya juu, na inafika mamia ya kilometa. Ndiyo maana zone za afya, makanisa na mashirika ya msaada yaliyo na foni hayapaswi kuitupa kama chuma cha zamani. Inapaswa kuwashwa mara moja kwa wiki, batri yake ishibe, na kuwe watu wawili ao watatu wanaojua kuitumia.

Redio ya jamii pia haihitaji rezo ya simu. Ikiwa na umeme wake na mnara wake, inaweza kusoma matangazo ya familia, kutangaza daraja lililovunjika, na kuambia watu ni kijiji gani kimebaki na rezo. Kasoro yake ni moja: inasema, haijibiwi. Kwa hiyo inahitaji watu wa kuileta habari mkononi: waendesha pikipiki, wamama wa soko, walimu.

Kuna pia satelaiti. Baada ya kuikataza mwezi wa Machi 2024, ARPTC, ndiyo mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano, ilipatia kampuni Starlink ruhusa ya kufanya kazi nchini Kongo mwezi wa Mei 2025. Kifaa kimoja hospitalini ao kwenye ofisi ya zone ya afya kinaweza kuokoa kijiji wakati wa mvua. Lakini nacho kinahitaji umeme wakati wote, anga wazi bila miti, na mtu wa kulipa kila mwezi. Bila pano na batri, ni sahani ya mapambo.

Wenye grupe zao nyumbani wakumbuke: grupe haiwashwi ndani ya nyumba iliyofungwa. Moshi wake unaua watu waliolala, tena bila harufu ya kuwaamsha. Na kabla radi haijaanza kupiga, toa simu kwenye chaji. Simu isiyofungwa kwenye waya haiiti radi, ila waya ndiyo inaweza kuileta.

Feza iliyo ndani ya simu haipotei

Rezo ikikatika, wengi wanaogopa feza yao ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Feza hiyo haiko ndani ya simu wala ndani ya kadi. Hesabu yake iko kwenye mashine za kampuni, mbali. Hata simu ikichomwa na radi, hesabu inabaki.

Hatari iko kwingine. Ukituma feza wakati rezo inayumba na hukupata ujumbe wa kuthibitisha, usitume mara ya pili. Ngoja, angalia kwanza hesabu yako. Watu wametuma mara mbili, na ya pili haikurudi.

Siku rezo inarudi, wezi wa simu nao wanarudi. Wanasema wanatoka kwenye kampuni, wanatengeneza akaunti zilizoharibiwa na mvua, na wanaomba namba ya siri. Hakuna mfanyakazi wa kweli anayeuliza namba ya siri.

Katika masika, familia ifanye bidii kuwa na franka kidogo mkononi, na mwenye kabine asiweke mtaji wote ndani ya simu.

Kukatika si siasa kila mara

Rezo ikitoweka, uvumi unachukua nafasi yake. Wengine wanasema serikali imekata, wengine wanasema kijiji fulani kimevamiwa. Watu wana sababu ya kukumbuka: tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, serikali ilikata intaneti nchi nzima kwa karibu wiki 3. Lakini siku ile simu za sauti ziliendelea. Mvua haichagui hivyo. Ikizima antene, inazima yote, tena kwa sehemu moja tu. Ukisikia kwamba Kasongo wako na rezo na Wamaza hawana, tafuta sababu ya karibu kabla ya kufunga mizigo.

Kuko pia shida inayotoka mbali kabisa. Mwisho wa 2019 mto Kongo ulijaa kupita kawaida, maji ya Lualaba yakiwa ndani yake. Kisha, kati ya tarehe 14 na 16 Januari 2020, matope na mchanga vilishuka kwenye bonde kubwa lililo chini ya bahari, mbele ya mdomo wa mto, kwa zaidi ya kilometa 1.100. Vilikata nyaya mbili za intaneti zilizolala chini ya bahari, WACS na SAT-3. Intaneti ikaenda polepole katika nchi nyingi za Afrika. Mvua ya ndani ya nchi ilifika mpaka huko.

Wengine walipita huku

Usiku wa tarehe 14 Machi 2019, kimbunga Idai kilipiga mji wa Beira, nchini Msumbiji. Umeme, simu na barabara vilikatika pamoja. Kwa siku za kwanza, watu wa nje hawakujua ukubwa wa maafa, kwa sababu mji wenyewe haukuweza kusema. Shirika Télécoms Sans Frontières na watu wa Umoja wa Mataifa walileta vifaa vya satelaiti ili waokoaji waweze kuongea.

Tarehe 14 Desemba 2024, kimbunga Chido kilipita Mayotte, kisiwa cha Komoro kilicho chini ya Ufaransa, kwa upepo wa zaidi ya kilometa 220 kwa saa. Kisiwa cha nchi tajiri kilibaki bila umeme na bila simu sawasawa na kijiji cha msituni.

Katika nchi za baridi, adui ni barafu. Mwezi wa Januari 1998, huko Québec, Kanada, mvua iligeuka barafu juu ya waya, na nguzo za chuma kwa mamia zikaanguka chini ya uzito. Mamilioni ya watu walikosa umeme, wengine kwa wiki nyingi.

Sehemu hizo tatu hazifanani. Lakini zote zilifundisha jambo moja: umeme ukikatika, mawasiliano nayo yako hatarini. Palipokuwa na umeme wa akiba na kifaa cha satelaiti kilichowekwa mapema, watu hawakungoja barabara ifunguliwe ili wasikilizane.

Nani ana jukumu?

Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 kuhusu mawasiliano inataka huduma ifike kwa wote, hata sehemu zisizoleta faida kubwa. Kwa kazi hiyo kuko mfuko wa serikali unaoitwa FDSU. Kusimamia kampuni na kupokea malalamiko ni kazi ya ARPTC. Kampuni nazo zimeanza kuona kwamba mazuti ya barabarani hayawezi kulisha vijiji vya mbali: Vodacom na Orange zilitangaza mpango wa kuunda kampuni moja ya kujenga minara ya vijijini inayoishi kwa jua.

Shirika la raia na wachaguliwa wa Kasongo na Kabambare wanaweza kuuliza mambo ya wazi: antene hii iko na batri za saa ngapi? Chuma cha radi na waya wake vilipimwa lini? Mazuti ya akiba yanaletwa kabla ya masika ao kisha barabara kukatika? Kipande cha badala kiko wapi? Maswali kama hayo, yakiwa kwenye barua yenye muhuri na orodha ya siku ambazo rezo ilikatika, yana nguvu kuliko hasira.

Lakini wakaaji nao wana deni lao. Mtu anayeiba waya wa shaba anauza kilo chache na kuwacha vijiji kumi bila sauti. Anayenunua mazuti ya usiku kutoka kwenye antene anazima simu ya sentri ya afya ambako mke wake atazalia.

Kabla ya masika ijayo

Kila lokalite inaweza kufanya mambo haya bila kungoja pesa kutoka nje:

– Kuandika kwenye daftari, kwa bic, namba za maana: sentri ya afya, ambulansi, chefu, redio, familia. Simu ikizimika, namba zilizo ndani yake zinazimika nayo.

– Kuchagua watu wawili wa kuangalia antene na kuandika siku inapokatika na siku inaporudi.

– Kujua kilima ao kijiji ambako rezo nyingine inapatikana, na ni mwendo wa muda gani kwa pikipiki.

– Kupatana mapema na waendesha pikipiki watatu watakaobeba ujumbe wa hospitali bila kubishana juu ya bei.

– Kukata matawi yaliyo karibu na uzio, kwa ruhusa ya mlinzi.

– Kwa sentri ya afya: kukubaliana na hospitali kwamba wakipita siku mbili bila habari, hospitali yenyewe itume mtu. Kimya kihesabiwe kuwa alama ya hatari.

– Kwa mama aliye na mimba ya miezi ya mwisho na anayekaa mbali: asogee karibu na hospitali kabla ya saa ya uchungu, kama vile waganga wanavyoshauri, kuliko kutegemea simu siku ya mvua.

Mvua zitakuja, na radi ya Maniema haitaondoka. Lakini antene yenye waya wake wa shaba, mazuti yaliyofika mbele ya matope, na karatasi moja iliyoandikwa vizuri na kubebwa kwa pikipiki, vinaweza kugeuza wiki mbili kuwa siku tatu. Kwa yule mama wa sentri ya afya, siku hizo ni uhai.